Mukwe aliyesema ameshiba

Watu wengi wanaokataa chakula ugenini hawakosei kwa kukataa. Wanakosea kwa kusema wameshiba. Kijana mmoja wa hapa Bunia alifanya kosa hilo Jumapili iliyopita, na barua yake imenifikia leo Jumatano asubuhi.

Muzee Dominique, jambo, nakuomba unisaidie kabla ya Ijumaa kwa maana nimebanwa pande mbili. Mimi ni Blanchard, napigana combat libre, ule mchezo wa ngumi, mateke na kubanana chini, na Jumapili hii saa nane nitagombea mkanda wa ubingwa wa Ituri, mchana kwa sababu ya couvre-feu, ile amri ya kutotoka nje usiku, lakini Jumamosi asubuhi lazima nipande mizani na nisipite kilo sitini na moja, nikipita hata kidogo mkanda si wangu hata nikishinda, na leo niko na sitini na mbili na nusu, ndiyo maana nakimbia juani na koti la mvua, na hata kukimbia ni shida katika mji huu, juzi karibu na soko mama mmoja aliponiona alifunga duka na watu wakaanza kukimbia nyuma yangu bila kuuliza, wakizani vita imeingia, mpaka askari akanisimamisha, "Weye, unakimbia nini?" nikamjibu, "Nakimbia kilo, chef," naye hakucheka.

Shida yenyewe ni hii, mchumba wangu Kavira wazazi wake ni wafanyabiashara waliotoka Butembo, siye ni kabila lingine, tulikimbia vita kutoka Iga Barrière, na Jumapili iliyopita mama yake, Mama Adeline, aliniita kwa mara ya kwanza, akapika kuku, sombe la majani ya muhogo na bugali mlima mzima, mimi nikaona haya kumweleza mama mukwe mambo ya kilo, nikasema, "Niko nimeshiba, mama," akanitazama, akamega bugali, akachovya, akala mbele yangu, akasukuma sahani, "Haya, umeona, minakula na sijakufa," nikarudia kwamba nimeshiba, ndipo mjomba wake Kavira, Papa Katsuva, akanawa mikono na kusema, "Huyu mukwe anatuogopa. Anazani siye tunatia sumu." Sasa Mama Adeline ametuma neno kwamba Ijumaa jioni wajomba wote watakuwapo, nije nile nimalize, nisipokula nisimwite tena mama na Kavira nimsahau. Nikila, mkanda umekwenda pamoja na jasho la mwalimu wangu Zacharie, nisipokula, Kavira amekwenda, na yeye mwenyewe analia akiniuliza, "Hata tonge moja, Blanchard?" Nifanye nini?

Blanchard mwanangu, pole kwa njaa. Pole hiyo inatosha, sasa nikugombeze.

Tumbo la mtu anayepunguza kilo linanguruma, na mama aliyelea watoto analisikia kutoka jikoni. Mama Adeline alijua hukushiba, maana mdomo wako ulisema umeshiba huku macho yako yakimfuata kuku. Katika mji huu, tangu vita itutawanye na kutukusanya upya mitaa kwa mitaa, mtu akikataa chakula cha watu wa kabila lingine na kuficha sababu, wenyeji wanajitafutia sababu wenyewe, na wote wanapata ileile. Ndiyo maana alionja mbele yako. Kuonja ni kiapo. Mtu mzima aliapa mbele ya kijana, na kijana akamjibu kwamba ameshiba. Papa Katsuva alikosea juu ya moyo wako, lakini la kusema ulimpa wewe.

Mchezo wako sikuujua, kwa hiyo nimeuliza. Nimeelezwa kwamba mpiganaji akikabwa sana anagonga sakafu kwa kiganja kukubali kwamba ameshindwa, mwamuzi anasimamisha, na hakuna anayevunjwa mkono. Basi pale mezani ulikabwa vizuri na mama mmoja mwenye sahani, ukakataa kugonga.

Ijumaa usile, lakini usikose kwenda. Wajomba hawana haja na shibe yako, wanataka kujua kama unawaamini. Mweleze Mama Adeline habari ya kilo, umwombe apike Jumamosi, aje na sufuria yake mpaka pale pa mizani, wajomba wakiwa kando. Ukishuka tu, kabla ya ndizi au maji ya mwalimu wako, chakula cha kwanza kuingia mdomoni mwako kitoke mkononi mwake, na watu wa kila kabila wakutazame unavyotafuna. Sijui mama mukwe gani wa Bunia amewahi kupewa heshima kama hiyo. Mafuta tu asizidishe, maana utayajutia Jumapili ukiwa chini ya mtu. Hilo mwachie Kavira alimwambie.

Usimtume Zacharie, wala usiandike ujumbe kwenye simu. Leo hii, jua likiwa bado juu, nenda kwa Mama Adeline umwambie: "Mama, nilikudanganya. Nilikuwa na njaa."