Televisheni ya Mama na Mikono ya Swaleh

Ijumaa, alasiri. Joto la kunata Mji wa Kale mzima, na feni ya sebuleni inazunguka kwa kutimiza wajibu tu.

Kuna jambo limenikaa kichwani tangu mchana. Kesho, kwenye ukumbi wa Majengo, anachaguliwa mtu mmoja wa kutuwakilisha Nairobi kwenye gemu ya video ya kupigana, na tuliobaki ni wawili: mimi na kaka yangu Swaleh. Yeye ndiye aliyenifundisha. Lakini tangu Mama anunue televisheni kubwa, namchapa kila tukicheza.

Leo baada ya chakula ameiweka padi yake ya kuchezea mezani. "Mikono yangu ishachoka, mdogo wangu. Kesho enda weye."

Nilifurahi, kusema kweli. Kisha nikajiuliza: mikono ya kijana mzima inachokaje ghafla hivi?

Nikaegemeza simu kwenye birika, nikarekodi kidole changu pamoja na skrini, halafu nikaitazama video polepole. Kitufe kimeshazama, na mpiganaji wangu bado amesimama kama hajaambiwa kitu. Nikajaribu kwenye skrini ndogo ya kompyuta, chumbani kwangu. Kidole na ngumi vikaenda karibu pamoja.

Kumbe televisheni huipamba picha kwanza, ndipo iionyeshe; ndiyo maana inachelewa.

Nikaingia kwenye mipangilio ya televisheni, nikayazima mapambo hayo. Mama akapita. "Mbona hawa watu wamekuwa kama wagonjwa? Nirudishieni rangi zangu." Nikarudisha.

Lakini sote tunatazama kioo kimoja, tunacheleweshwa sawa. Mbona anayeumia ni yeye tu? Hapo nikaketi kitako nikafikiri. Swaleh husubiri aione ngumi inakuja, ndipo akinge. Mimi sina subira, narusha tu kwa kubahatisha. Picha ikichelewa, mbahatishaji hapotezi kitu. Anayengoja kuona ameshapigwa.

Na ukumbini wanatumia skrini za kompyuta.

Nikinyamaza, nafasi ni yangu. Naitaka sana, sifichi.

Nimemuonyesha video. Ameitazama, akairudia, kisha akachukua padi yake akaingia chumbani kwangu bila hodi. Mpaka sasa nasikia vitufe vinalia.

Kesho nitakaa mbele yake, na nina hofu kidogo. Lakini nataka kujua: miezi yote hii, aliyekuwa akimshinda Swaleh ni mimi, au ni televisheni ya Mama?