Sanduku 92 Limefungwa

Kanisani, S.L.P. 2317,
Eldoret.
Ijumaa, 13 Novemba 1987

Kwako dada yangu Nduta,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Mimi naamka, nakula, naenda kazini, kwa hivyo nikisema ni mzima sidanganyi sana. Natumaini hapo Nyahururu mko salama, na yule mdogo ameacha kukohoa. Mama yako hajambo, ila miguu. Fimbo ameikataa, anasema fimbo ni ya wazee. Unamjua.

Ile barua ya Januari ya kukujulisha namba yetu mpya ya posta ilikuwa mwandiko wangu. Posta ilihamia jengo jipya, na sanduku la kanisa, lile 92 ambalo nusu ya mtaa wetu wa Munyaka imepokelea barua tangu tukiwa shule, likawa 2317. Kwa miezi sita barua zenye namba ya zamani zingeendelea kuletwa kwetu, kisha basi. Mimi karani wa kanisa ndiye niliyetumwa kuwaambia watu. Nduta, nilijiona mkubwa! Jumapili tatu nilisimama mbele nikiisoma ile namba kama fungu la Biblia, hadi Mzee Wasike akaniuliza kama itatoka kwenye mtihani. Wasiojua kuandika niliwaandikia mimi, mmoja mmoja.

Tulipomaliza kukuandikia wewe, mama yako aliniuliza ni nani atamwambia Gerishon. Mambo haya unayajua, lakini acha niyarudie, huenda nikapata nguvu ya kufika mbele. Ndugu yako aliondoka Agosti ya 1982, siku chache baada ya yale mapinduzi yaliyoshindwa Nairobi, na chifu bado anamuulizia. Kila Pasaka barua yake moja ilifika, stempu ya nchi nyingine, bila anwani ya kumrudishia. Yeye alijua sanduku 92 tu, na sisi hatukujua lake. Nikamwambia mama yako asiwe na wasiwasi, Pasaka iko ndani ya ile miezi sita.

Sasa nisikilize. Posta walitupa fomu ya kuandika majina ya wote wanaotumia sanduku, kama yanavyoandikwa kwenye bahasha, ili barua ziwafuate. Fomu ilipaswa kupigwa muhuri wa chifu kwanza. Gerishon hakuwahi kuandika Njambi kwenye bahasha. Nani huku anamwita mama yako Njambi? Aliandika Mama Gerishon, kama tunavyomwita sote. Nilishika kalamu nikaliona lile jina likienda mezani kwa chifu, na wiki hiyo hiyo vijana wa chama tawala walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba. Niliogopa. Nikaandika Njambi, nikajiambia mtu ni yule yule.

Baada ya Pasaka, Bethwel wa posta aliniita dirishani. Akasema kuna bahasha ya namba ya zamani, stempu ya nje, ya mtu anayeitwa Mama Gerishon ambaye hayuko kwenye orodha yetu, akauliza kama tunamjua. Nyuma yangu kwenye foleni alisimama karani wa chifu. Nikasema hatumjui.

Ndiyo hivyo, Nduta. Mama aliyeninywesha uji muda wote wa ugonjwa wangu wa surua, nilisema simjui. Wiki iliyofuata nilirudi nikiwa nalia, Bethwel akaniambia barua zisizo na mwenyewe hupelekwa Nairobi, hufunguliwa, na zikikosa anwani huchomwa. Nimeandika Nairobi mara mbili, kimya. Huenda safari hii alisema yuko wapi. Sanduku 92 lilifungwa Julai, na hata akiandika tena haitatufikia.

Mama yako amekuwa akija ofisini kila Ijumaa, nami namwambia bado. Leo hakuuliza. Amesema Gerishon angekuwa hai angeandika, kwa hivyo amekufa, na amenituma nikuandikie uje Jumamosi ya tarehe tano Desemba, tumfanyie maombi ya mwisho hapa kanisani. Barua hii ndiyo hiyo. Sina uso wa kumwambia ukweli, na nikimwambia sina cha kumpa badala yake. Wewe ni mwanawe, utaamua. Ukitaka tusisalimiane tena nitaelewa.

Nisalimie shemeji na watoto. Mama anasema uje na kitenge chake cha bluu, na umbebee ile picha ya Gerishon ya shule. Amekaa hapa kwenye benchi tangu nianze, na sasa ananiuliza kwa nini barua ya kukuita ni ndefu hivi. Nimemwambia nakusalimia.

Ni mimi rafiki yako,
Sarah Jepkosgei