Mtu Mzima Jikoni, Mtoto Sebuleni

Jumatatu, 3 Machi
Msiba wa mama umekwisha. Nimejua kwa sababu viti vya kukodi vimerudishwa. Shangazi, dada yake baba, kabaki. Asubuhi kaniambia mama akishaondoka, binti ndiye mama wa nyumba – kwa hiyo niamke niwashe jiko. Jioni wakubwa wakakaa sebuleni kuzungumza. Mama wa nyumba, yaani mimi, naye akakaa. Shangazi akasema: watoto nje.

Jumatano, 5 Machi
Nimesikia kupitia dirisha. Shangazi anataka kunichukua nikaishi kwake. Eti mwanamume hawezi kulea mtoto wa kike. Baba ni fundi wa kuchomelea mageti, kutwa yuko nyuma ya miwani myeusi na cheche. Maneno yalikuwa kazi ya mama. Hata wateja wabishi alipambana nao yeye.

Ijumaa, 7 Machi
Damu. Imechagua wiki yake, kwa kweli. Shuleni walituchorea mchoro nadhifu, tena hauumwi tumbo. Shangazi alikuwa bado anakoroma chumba cha pili. Nimwambie? Si ndiyo nitakuwa nimempa ushahidi. Nikachana fulana kuukuu, nikafua shuka harakaharaka.
Baba kanikuta nalianika. Kaniuliza mbona shuka moja tu.
– Lilikuwa na vumbi.
Akaliangalia. Akaniangalia. Akatoka hata chai hakunywa.
Karudi na mfuko mweusi, kaufunga mafundo kama mali ya wizi. Ndani pakiti za pedi, kila moja aina yake. Akawa anaongea na ukuta:
– Muuzaji kaniuliza saizi. Mimi napima mageti, nitajuaje? Halafu kuna zenye mabawa. Hayo utajua mwenyewe.
Nikacheka mpaka nikalia. Mama angecheka kunishinda. Angemtania mwaka mzima. Hapo ndipo paliponiuma hasa, wala si tumboni.

Jumapili, 9 Machi
Shangazi kanifungia nguo zangu kwenye begi, hajaniuliza. Tulipomaliza kula akaanza: mtoto wa kike ana mambo yake, atamwambia nani? Baba akawa anakagua viganja vyake. Nikainuka, maana wimbo naujua: watoto nje.
– Kaa, baba akasema.
Kisha, kama mtu anayenyanyua geti peke yake:
– Ananiambia mimi.
Uongo. Sijamwambia hata neno, aliona tu. Na baba hajui kudanganya, masikio yote yalimbadilika rangi.
Shangazi akanigeukia. Kwa upole, hilo ndilo baya.
– Kweli, mwanangu? Hata yale mambo yetu, unamwambia baba yako?
Nikasema chai inachemka, naja sasa hivi.
Nipo jikoni, naandika nimesimama. Jiko halijawashwa. Shangazi ananiita, mara ya pili sasa. Baba haniiti. Nasikia tu anamwambia, taratibu: mwache, atakuja mwenyewe.