Nilichoma vidonge pamoja na nguo za kilio

Mama Kasonde wa gazeti, nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa bafuni, maana ndipo mahali pekee ambapo wifi yangu hanifuati, mkono unatetemeka, usinicheke kwa mwandiko, na nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, kwa sababu Jumamosi hii wakwe zangu wanataka kunipeleka Pweto na mimi sijui kama nitafika.

Mimi ni mjane wa miaka arobaini na sita, nauza unga sokoni, na nina mtoto mmoja tu, Deborah, yuko mwaka wa kwanza chuo kikuu. Mume wangu Floribert alikuwa anashughulikia makaratasi ya mizigo mpakani Kasumbalesa, na miaka minne iliyopita gari alilopanda kurudi nyumbani lilipinduka. Siku tano za kilio sikufumba jicho. Daktari mmoja, rafiki wa familia, akaniandikia vidonge vya kutuliza, kimoja kila jioni, siku kumi na nne. Karatasi niliisoma mwenyewe, ilisema siku kumi na nne, sitaki kumsingizia mtu.

Lakini siku ya kumi na tano nilijaribu kulala bila kidonge nikashindwa, nikaenda kwa Aimé, mwenye duka la dawa la mtaani kwetu, nikamwonyesha karatasi ile ile akanipa, na mwezi uliofuata hakuiomba tena, na baadaye akawa ananiona tu mlangoni anauliza, "Mama, ni zile zako za siku zote?" na mimi nasema ndiyo. Kimoja kikawa viwili. Miaka minne, Mama Kasonde, na hakuna aliyejua, hata Deborah. Kanisani wananisifu, "Mama Deborah yeye iko na nguvu, muangalie vile anasimama," na mimi natabasamu, huku najua kinachonisimamisha kiko ndani ya mkoba.

Sasa sikia nilichofanya. Kwetu mjane havui kitambaa cheusi mwenyewe, anavuliwa na ukoo wa mume, na mkubwa wa ukoo ni shemeji yangu Symphorien, mwenye biashara ya samaki wakavu kule Pweto. Mwaka wa kwanza aliumwa mgongo, mwaka wa pili barabara ilikatika, mwaka wa tatu akawa anaozesha binti, basi kilio cha mwaka mmoja kikanikaa miaka minne. Mwishowe akaja. Jumamosi, si hii iliyopita, ile ya kabla yake, asubuhi tulisoma misa, halafu uani wakawasha moto, wakanivua kitambaa, wakachoma nguo zangu nyeusi na mkeka niliolalia siku zile. Wifi yangu Madeleine, mdogo wake Floribert, ndiye aliyesimamia moto. Akasema mbele ya watu wote, "Kila kintu ya kilio itoke mu nyumba. Kintu yenye imepita mu huu moto hairudie tena. Ikirudia, inaita mutu mwengine."

Nikasimama, nikaingia chumbani, nikatoa boksi mbili za vidonge vyangu, nikaja nikazitupa ndani ya moto. Hakuna aliyenituma. Niliona vidonge navyo ni kilio, vilikuja wiki moja na kitambaa, basi viende siku moja. Madeleine, ambaye huniita balamu, yaani wifi, akauliza, "Ile ni nini, balamu?" Nikamwambia ni makaratasi ya Floribert. Wakapiga vigelegele, wakanivisha kikwembe kipya cha kitenge, tukacheza mpaka jua likazama, na mimi nilijisikia mwepesi, nikasema moyoni leo nimekuwa mzima.

Siku ya kwanza sikulala, nikasema ni furaha. Siku ya tatu mikono ikaanza kutetemeka, jasho linanitoka asubuhi kwenye baridi, mlio wa kijiko kwenye sahani unaniingia mpaka kwenye meno, ngozi inanitambaa kama ina siafu, moyo unakimbia nikiwa nimekaa. Nikavumilia. Ijumaa nikaanguka sokoni. Sikumbuki kitu, ila Chola, mwenzangu wa meza ya pili, anasema nilikakamaa, nikatupa miguu, povu likatoka, na ulimi wangu mpaka leo una kidonda nilipouuma.

Walinileta nyumbani, na tangu siku hiyo Madeleine amehamia kwangu. Yeye ameshaamua. "Ni Floribert. Kilio hatukuitosha muzuri, anamuvuta bibi yake." Deborah analia, "Tantine, tumupeleke hospitali," na Madeleine anamjibu, "Docteur hayue mambo ya kilio, mutoto. Ile ni mambo ya famille." Symphorien naye kwenye simu amesema, "Mumulete huku. Tutaanza yote upya." Basi wamepata nafasi kwenye pick-up inayopitia Kasomeno, Jumamosi alfajiri, tutalala njiani. Mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba ndani ya moto ule kulikuwa na vidonge, na nimenyamaza, kwa sababu nikisema watajua miaka minne nilikuwa nadanganya.

Tena kuna hili. Jirani yangu Bijou anatumia dawa za kufanana na hizo, nikamwomba, akanipa vinne, nimevifunga kwenye pindo la kikwembe. Jana nilivifungua mara sita. Kila nikikipeleka kimoja mdomoni nasikia sauti ya Madeleine, ikirudia inaita mutu mwengine. Na katika nyumba yangu mtu mwingine ni mmoja tu, ni Deborah.

Niambie, Mama Kasonde. Nikimeza, nimemuua mwanangu? Nisipomeza, nitaanguka tena na safari hii nisiamke? Niende Pweto au nisiende? Usiniambie niombe. Nimeomba mpaka magoti yamechubuka.

Mjane wa komini ya Kenya, hapa hapa jijini Lubumbashi

Mama Kasonde anajibu:

Mama Deborah, barua yako imenifikia Jumanne na hukuweka namba ya simu. Ningekuwa nayo ningekupigia saa ile ile, nisingengoja gazeti. Nimemsumbua mhariri mpaka akaondoa barua nyingine zote za wiki hii ili hii itoke leo Alhamisi, kwa hiyo pole nitakupa baadaye. Kwanza simama. Ukimaliza aya hii vaa viatu, mwite Deborah, mwende hospitali kubwa, upande wa wanaoletwa kwa haraka. Mlangoni useme maneno haya: nimekunywa vidonge vya kutuliza miaka minne, nimeviacha kwa siku moja, na Ijumaa nilianguka kifafa. Sema hivyo hivyo, usipunguze miaka, usipunguze idadi. Ukisema tu "sijisikii vizuri" watakukalisha kwenye benchi mpaka jioni.

Kabla sijaandika gazetini nilikuwa muuguzi miaka ishirini na saba, na wagonjwa kama wewe nimewashika kwa mikono hii. Kinachokutetemesha nakijua, na si Floribert. Mwili wako ulizoea kushikwa na dawa kila jioni, miaka minne, na wewe ukauachia ghafla. Kukosa usingizi, jasho, kelele kuingia kwenye meno, ngozi kutambaa, moyo kukimbia, na mwisho kuanguka, hayo yote yanatoka mlango mmoja. Dawa za namna hiyo haziachwi kwa siku moja, hata na mtu mwenye nguvu kiasi gani. Kuziacha ghafla kunaweza kuua. Ungeniuliza kabla ya moto ningekwambia, lakini hukuuliza mtu, na hapo nakulaumu.

Nakulaumu pia kwa ile sifa. Watu walikwambia una nguvu na wewe ukaona afadhali ufe kuliko kuwatoa katika kosa lao. Mama, kutolala baada ya kumzika mume si aibu. Kuzoea dawa uliyoandikiwa na daktari si ulevi. Wa kuona haya ni huyo daktari rafiki wa familia, aliyeandika siku kumi na nne na asirudi siku ya kumi na tano kukuuliza umelalaje. Na huyo muuza dawa anayeuliza "ni zile zako?" huku karatasi ilikwisha zamani, naye aone haya mara mbili. Wewe uliteleza peke yako, mahali ambapo watu wazima wawili wenye elimu walipaswa kukushika mkono. Pole, mama. Pole sana.

Sasa vidonge vya Bijou. Usivimeze kwa siri bafuni. Sikukatazi kwa sababu ya laana, nakukataza kwa sababu hujui kama ni aina yako, hujui nguvu yake, na Bijou naye hajui. Vipeleke kama vilivyo, umwonyeshe daktari. Yeye atakurudishia dawa kwa kipimo kinachokufaa, utulie, halafu ataanza kukipunguza kidogo kidogo. Itachukua miezi. Usishtuke nikisema miezi, na usijifanye hodari ukaruka hatua. Kutakuwa na wiki nzuri na wiki utakayotaka kupanda ukuta, na wiki hiyo mbaya unarudi kwa daktari kumwambia, huendi kwa Aimé. Ukipata daktari anayekwambia acha zote leo, shukuru, toka, tafuta mwingine. Pombe usiguse, iwe bia au lutuku, wala usichanganye na vidonge vya maumivu vya sokoni. Chai ya rangi na kahawa, punguza. Kuuza unga utarudi, ila si wiki hii.

Deborah, najua utasoma, maana mama yako macho hayatulii. Akianguka tena mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe kitu, na mkimbize hospitali hata kama ameamka anasema amepona.

Bado nimebaki na ule moto wa kilio. Mama, mimi pia ni mjane, nimekaa kwenye mkeka, nimevuliwa kitambaa na wakwe zangu, kwa hiyo usifikiri ninayadharau mambo hayo. Nayaheshimu, na kwa kuyaheshimu nakwambia hivi. Kitambaa cheusi ulivalishwa na ukoo wa Floribert, na ukoo wa Floribert umekuvua, mkubwa wao akiwapo, misa imesomwa, watu wameshuhudia. Kilio chako kimetoka, kimetoka vizuri, hakuna cha kurudia. Vidonge hukupewa na ukoo. Ulipewa na daktari, na daktari ndiye wa kukuvua, taratibu, kwa njia yake. Hakuna mkwe aliyevitia mikononi mwako, basi hakuna mkwe anayeweza kuvidai. Uliitupia familia kitu ambacho hakikuwa chake. Ukimeza dawa uliyopimiwa hospitalini hujarudisha kilio ndani ya nyumba, na mwanao hadhuriki. Kitakachomdhuru Deborah ni kubaki bila mama.

Leo utasema ukweli, na utausema kwa mdomo wako. Mwite Madeleine, mwambie yale hayakuwa makaratasi ya Floribert, yalikuwa vidonge vyako. Atakasirika, mwache akasirike, hasira yake itapungua mkiwa njiani kwenda hospitali. Kama sauti itakukwama, kata kipande cha chini cha ukurasa huu umpe, maana maneno yaliyobaki si yako, ni yake.

Madeleine, mdogo wangu, sikusemi vibaya. Umeacha nyumba yako ukahamia kwa mke wa kaka yako, unampikia, unamlinda, si kila wifi angefanya hivyo. Lakini alichotupa motoni vilikuwa vidonge vya kutuliza alivyomeza miaka minne, na kuviacha ghafla ndiko kulikomwangusha, si Floribert. Unaogopa kitu sahihi mahali pasipo sahihi. Unaogopa ataitwa mtu mwingine. Nakwambia aliye karibu kuitwa ni nani: ni yule unayetaka kumpandisha kwenye pick-up. Akianguka baada ya Kasomeno, katikati ya barabara, mbali na daktari yeyote, utamshika kichwa mapajani mwako na hutakuwa na cha kumfanyia, na ukifika Pweto hutakuwa umepeleka mgonjwa. Ndipo Deborah atakaa kwenye mkeka, na wewe ndiwe utakayemfunga kitambaa.

Mpigie kaka yako Symphorien leo. Mwambie safari imekufa, bibi yuko hospitali, ni Mama Kasonde wa gazeti aliyesema, na kama ana neno aniletee mimi. Na Jumamosi alfajiri, saa ile gari inapoondoka, nataka wewe uwe umekaa kando ya kitanda chake, umemshikia mkoba wenye dawa zake.