Kabula Amekataa Kiganja

Dada Kalunde,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila mkono umezoea kuanza hivyo na leo siwezi kuubadilisha.

Nakuandikia kukueleza kwa nini sijafika kaburini kwako tangu tuhame. Tulihamishwa baada ya mavuno, sote wa upande ule wa Igalula, tukapangwa kwa mistari kwenye kijiji cha ujamaa. Nyumba yako imebaki kule, na wewe umebaki nyuma ya ghala. Kutoka hapa ni mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu, lakini si umbali ulionizuia. Ni mwanao. Uliniachia Kabula akiwa na meno mawili, nami nilijiapia kwamba sitakuletea mtoto aliyekonda.

Na alikonda kweli, dada. Meno yalijaa mdomoni lakini hakutaka kutafuna. Alichojua ni uji wa ulezi, tena wa kunyweshwa kwa kiganja kama ulivyomzoesha: umlaze mapajani, ukinge kiganja chini ya mdomo, umimine. Ukimpa kwa kikombe anageuza shingo. Siku moja nilimlazimisha tonge la ugali wa mtama, tonge la mtu mzima, kwa haraka zangu. Likamkaba mpaka macho yakamtoka. Nilimpiga mgongoni likatoka, lakini tangu siku hiyo akiona sahani tu analia. Kosa ni langu, sikufichi.

Zahanati, mwuguzi alimweka kwenye mzani akanyamaza kwanza. Halafu akaniambia uji peke yake haumtoshi tena, anahitaji maharage, karanga, samaki. Kana kwamba nilikuwa namnyima! Nikarudi nyumbani nikaanza kuponda kila kitu. Maharage nayaponda. Matobolwa, vile viazi vyetu vya kuchemsha na kukausha, nayaloweka nayaponda. Dagaa wa Kigoma anaowatuma shemeji, mumeo, kwa treni nawatwanga mpaka wanakuwa unga. Vyote nikavikoroga kwenye uji. Akaukataa na uji wenyewe.

Sisi tukienda shamba la kijiji, watoto hubaki kwa Bibi Mwajuma. Siku moja jembe langu lilivunjika mpini nikarudi mapema. Nikamkuta Kabula wako ameketi na wenzake wanne, wamezunguka ungo mmoja, ameshika tobolwa kwa mikono miwili, mate yanamtiririka mpaka tumboni. Anatafuna. Nilipaswa kufurahi. Nilisimama pale ukutani nikaona wivu, dada, wivu mtupu, baada ya miezi yote ile ya kubembeleza.

Nikamwuliza bibi amemfanya nini.

"Sijamfanya kitu, mayu, mama yangu. Hebu niambie, wewe unakulaga saa ngapi?"

Nikajishughulisha na mpini wangu uliovunjika.

"Mtoto hajawahi kukuona ukitafuna. Atajifunzia kwa nani?"

Ni kweli. Tangu ufe nilikuwa namlisha yeye kwanza, namlaza, kisha nakula jikoni nimesimama, nachota humo humo chunguni. Hilo sikuwahi kumwambia mtu. Wewe na mimi tulikuwa tunakula bakuli moja, magoti yamegusana, nawe unanisogezea nyama ukijifanya umeshiba. Nikikaa mkekani naona nafasi yako. Basi nikaacha kukaa.

Kesho yake mchana nilitandika mkeka, nikaweka bakuli moja katikati, ugali mlaini na mlenda uliotiwa karanga. Nikala. Nilikuwa nalia huku natafuna, lakini nilitafuna. Kabula akawa ananitazama mdomo. Siku hiyo hakula kitu, wala siku iliyofuata. Siku ya tatu alichovya kidole kwenye mlenda akakilamba. Nikawa nafinyanga vitonge vidogo kama harage, naviweka upande wake bila kusema neno. Kuna siku alikula vitatu. Kuna siku alivigawa vyote kwa kuku wa jirani, nikang'ata ulimi nisimgombeze.

Asubuhi nilimrudishia uji mtupu wa kiganja, maana siku zako za mwisho uliniambia: "Mpe mpaka mwenyewe aseme basi."

Wiki iliyopita amesema. Nilimlaza mapajani, nikakinga kiganja, akakishika kwa vidole vyake akakisukuma. "Basi." Akashuka, akaenda kukaa mkekani, akawa anangojea viazi vilivyolala. Uji ukanikaukia mkononi. Nililia kuliko siku ya mazishi, kwa sababu kunywesha kule kulikuwa kwako, mimi nilikuwa nimekushikia tu. Na sasa kumekwisha.

Nilipompeleka tena zahanati mzani ulikuwa umepanda, na safari hii mwuguzi aliongea mpaka nikachoka. Maharage bado anatema maganda. Usimcheke, wewe mwenyewe ulikuwa hivyo hivyo, mama alisema.

Jumamosi tunakuja. Nitambeba mgongoni, na akitaka kutembea nitamshusha atembee, na matobolwa yake mkononi. Nakuahidi, dada, mwanao hatakula peke yake maadamu nina meno kinywani. Nitakuja na mkeka na bakuli moja. Tutakaa hapo nyuma ya ghala, tule mbele yako, na upande wako wa bakuli tutauacha.

Pumzika, dada yangu.

Mdogo wako,
Nyamizi