Meza ya Mtu Mmoja Lisbon

Yusra, mbona hupokei simu! Evelina kanipigia sasa hivi kutoka Lisbon, anatembea huku analia.

Si unaijua ile safari yake na Fredy, wazunguke mji kwa miguu na kula vya wenzetu, labda ndoa itakaa sawa? Basi Fredy anatembea vilevile kama yuko kwao Chamwino. Yeye mbele, mkewe hatua ishirini nyuma, anahema na vile vilima.

Leo mchana Fredy akatangulia mgahawani. Mhudumu akamuuliza, "Uko peke yako?" Evelina ndiyo anafika mlangoni, kasikia kwa masikio yake: "Ndiyo."

NDIYO! Na mke yuko mlangoni!

Fredy akapewa kimeza cha kiti kimoja, Evelina akapelekwa meza nyingine. Unadhani alimwita? Alimwona kabisa, akaendelea kuchambua samaki wake.

Nikamwambia, "Si ungeenda ukakaa naye?"

Akasema, "Stara, usinicheke. Chakula nilimaliza chote. Tangu tufike, leo ndiyo nimekula bila mtu kuninunia."

Halafu akakata simu haraka. Fredy alishakata kona, na yeye njia ya hotelini haijui.