Gari Lisiloazimika

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimeamua. Sinunui tena gari la ukoo. Nanunua gari langu.

Mzigo una pikapu yake, kirikuu. Kijana wangu wa kazi Samweli anaendesha, kamba na ngisi wanafika stendi kabla basi halijaondoka. Hilo la kazi limekwisha. Hili nataka dogo, milango mitano, lenye moto. Nimelitamani tangu nauza kamba kwa ndoo mlango kwa mlango kule Ufukoni, wenye magari wananirushia matope na hawageuki. Nina miaka arobaini na sita. Nataka nikae nalo mpaka sitini.

Yako mawili mjini. Swift Sport ya njano, ya Isaya, jirani yangu hapa Likombe. Kahamishiwa Dodoma, anaondoka Jumatatu ijayo. Gia za mkono. Milioni kumi na sita na nusu. Na Golf GTI nyeusi, iko kwa dalali Hemedi. Otomatiki, ina turbo. Kumi na tisa, eti "kwa ajili yako, dada". Kwa ajili yangu — jina langu lenyewe kaniuliza mara mbili.

Mama kauliza lina siti ngapi. Tano, nikamwambia. Akashukuru Mungu. "Basi arobaini ya binamu yako kule Msimbati tutakwenda wote," akasema.

Gari sijanunua, limeshapangiwa safari.

Jumatano, 6 Agosti 2025

Nimeijaribu Golf. Nisijidanganye, ni gari tamu. Unakanyaga, mgongo unagandia kiti. Kimya ndani. Mlango ukifungwa unasikia uzito. Hemedi pembeni yangu anasifu mpaka taa za dashibodi. Kasema kuna mteja wa Masasi anakuja Jumatatu asubuhi, nimpe jibu Jumapili. Mteja wa Masasi huwa hakosekani.

Mchana nikampeleka fundi Celestino akayaone yote mawili. Baba yake alivuka Ruvuma wakati wa vita na sanduku la spana kichwani, na Celestino hajawahi kunidanganya. Kalala chini ya kila gari, katoka na mchanga kwenye nywele.

Kasema yote mazima. Golf hana ubaya nayo, ila gia yake ina mafuta yake maalumu, yanabadilishwa kila kilomita elfu sitini, na spea nyingi ni kuagiza Dar na kungoja.

"Ukiwa na subira, sawa, dada Mwaisha. Unayo?"

Akacheka mwenyewe. Swift haina turbo, injini inatumia cheni, na klachi ikichoka anaishusha yeye, hapahapa kwenye gereji yake.

Nimepiga hesabu. Kwa mwaka nitatembea kilomita elfu kumi na mbili. Golf inakula lita moja kwa kilomita tisa, Swift kumi na tatu. Kwa miaka kumi tofauti ya mafuta peke yake inakaribia milioni kumi na mbili. Hiyo ni friza mpya ngapi!

Lakini hapa hakuna wa kumdanganya. Sababu si mafuta. Golf ni otomatiki. Kila mtu ataiendesha. Swift ina klachi, na ukoo mzima wa Mama, kuanzia Mikindani mpaka Msimbati, hakuna anayejua gia.

Ijumaa, 8 Agosti 2025

Nane Nane, mji umelala. Nimempa Isaya kishika uchumba, mjumbe kashuhudia, kaniachia Swift mpaka Jumatatu asubuhi. Nikiridhika namalizia. Nisiporidhika ananirudishia pesa na tunabaki majirani. Muungwana.

Nikaitoa barabara ya Mikindani. Gia ya pili, ya tatu, injini inapanda inaimba, mkono wangu na mguu wangu vinajibizana. Nilicheka peke yangu. Mwanamke mzima.

Niliporudi Zulfa akataka aingie, alizungushe uwanjani tu. Binti yangu ana leseni mwezi wa tatu sasa, kajifunzia otomatiki, anajiona rubani. Akakaa, akatazama chini.

"Mama, hiki cha tatu cha nini?"

Klachi, mwanangu.

Akashuka. Akaenda zake kufua. Roho yangu ikatulia kama nimefunga geti.

Mama alikuwa barazani anaona yote. "Kwa hiyo siku nikifa mtanipeleka makaburini kwa bajaji?"

Nikamwambia nitakuendesha mwenyewe. "Na ukifa wewe?" akauliza.

Ananiona mchoyo. Wote wananiona mchoyo. Hakuna anayeikumbuka Noah yangu, lile gari la ukoo. Misiba, harusi, wajawazito wa kupeleka hospitali usiku na mchana, na kila ikirudi tangi kavu, mchanga kwenye viti, harufu ya ng'onda, samaki wakavu. Miaka sita, hakuna aliyeweka hata lita moja. Mwisho kaka Bwanaheri akaiazima kwenda harusini Msimbati. Akaiegesha ufukweni, maji yametoka, mchanga mgumu, pazuri kabisa. Wakaingia kula pilau. Maji yakarudi, yakaimeza.

Mtoto wa Mikindani! Babu yetu baharia.

Alinipigia simu akasema ni kudra. Samahani hakusema. Na mafuta ya safari ile nilijaza mimi. Huu mwaka wa pili, kati yangu na yeye ni salamu tu.

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Naandikia Kilambo, nyumbani kwa Odete anayeniuzia kamba. Mguu uko kwenye beseni.

Nilikuja kwa Swift asubuhi kuzungumza naye kamba wa mwezi ujao, na kulijaribu gari kwenye vumbi na kokoto. Liko chini, ni kweli, jiwe moja limenigongea tumboni nikasikia kama limenigonga mimi. Lakini limefika. Tukashuka na Odete mtoni kuona mzigo unavyopakuliwa, tope linateleza, nikaenda chini. Mguu wa kushoto. Muuguzi wa zahanati kaushika huku na huku, kasema haujavunjika, kifundo kimeteguka, nisiukanyagie wiki mbili.

Wa kushoto. Mguu wa klachi.

Nilijaribu. Nikakaa kwenye usukani, nikakanyaga, nikaona nyota mchana. Odete kaniangalia dirishani. "Mume wangu Nelio anajua pikipiki tu," kasema. Samweli kaenda kwao kwa sikukuu, simu ya Celestino haipatikani. Kuna dereva wa lori kivukoni alijitolea, namshukuru, lakini gari bado si langu, simpi nisiyemjua.

Golf ningerudi nayo mwenyewe. Mguu wa kulia mzima.

Nimechukua hesabu yangu nikaitazama upya. Nimeandika mafuta, tairi, spea, bima. Miaka kumi na minne yote nimeipigia hesabu, mguu sikuuandika. Nikifika sitini, goti likigoma, nani atanikanyagia? Nilitaka gari lisiloazimika. Nimelipata, na mimi mwenyewe leo siwezi kuliazima.

Nikampigia Mama. Akasema, "Kesho asubuhi atakuja mtu." Mtu gani? Akakata. Hajawahi kunikatia simu, anasemaga salio ni langu.

Jumapili, 10 Agosti 2025

Naandikia garini, kiti cha abiria. Mwandiko mbaya, daftari liko kwenye goti.

Saa tatu ilikuja bodaboda, juu yake kaka Bwanaheri, mweupe kwa vumbi mpaka kope. Akasalimia. Akautazama mguu wangu.

"Umenona. Muhogo wa Newala huu."

Odete akacheka. Mimi sikucheka, ila karibu nicheke.

Nikamuuliza, gia unazijua?

"Mdogo wangu, mwaka wa pili huu natembeza lori la chumvi."

Hukuniambia.

"Hukuniuliza."

Ni kweli. Sikuuliza. Nilidhani yuko barazani anacheza bao na watu wa kudra.

Akazunguka gari mara moja, akatazama tairi. Kabla ya kuingia akavua kandambili, akazigonganisha nje mpaka mchanga wote ukadondoka, ndiyo akaziweka nyuma. Nilitazama pembeni. Kwenye Noah hakufanya hivyo hata siku moja.

Anaendesha vizuri. Inaniuma kuandika, lakini vizuri. Kwenye kokoto gia ya kwanza, anakwepa jiwe moja moja, hakuna lililogonga. Nilikuwa sijawahi kulisikia gari hili kutoka upande huu. Kutoka hapa sauti ni nyingine, nene zaidi. Lami ilipofika akaniuliza kwa macho. Nikamwambia kanyaga. Akakanyaga. Tulikuwa wote wawili kama watoto waliopanda mnazi wa watu.

"Hii inataka mtu," akasema baadaye. "Otomatiki inakubali yeyote. Hii inataka mtu."

Nikamwambia kuna nyingine, Golf, ni tamu zaidi, ina nafasi ya Mama nyuma, na hata Zulfa ataiendesha. Akafikiri. Akasema Zulfa atafundishika, wiki mbili tu, yeye Jumapili hana kazi. Mama naye hataki nafasi, anataka kuitiwa honi mlangoni, majirani waone.

Tulipita kwenye daraja dogo, mikoko huku na huku.  Akasema, macho mbele:

"Maji yanajaa. Saa kumi yatakuwa kwenye mizizi ile ya juu."

 Nikaitazama mizizi.

"Siku hizi nayaangalia," akasema. "Kila siku."

 Nikafungua dirisha.

Sasa tumeingia mjini. Mshale wa mafuta uko chini ya robo. Niliutazama tu, na nadhani aliniona. Akakata kona, akaingia sheli. Ameshuka, miguu mitupu. Namwona kwenye kioo cha pembeni, anazungumza na mhudumu, anaonyesha kifuniko kiko upande gani.

Simu yangu inaita. Hemedi. Jibu lake ni leo.

Mhudumu ameshika mpira, anauliza ya ngapi. Kaka anapapasa mfuko wa shati. Hamna. Sasa wa suruali, wa nyuma. Mkono wangu umeshafika kwenye pochi, mazoea. Nimeishika. Sijaifungua.

Hemedi anaita tena. Aite tu, kwanza nione mkono wa kaka unatoka na nini.